Mwalimu Mzoefu Anapoomba Kura ya Wazazi

SOMO KWA MATAWI



Somo letu la safari hii linahusu uchaguzi, lakini si uchaguzi wa bunge wala wa viongozi wa chama chetu. Ni uchaguzi wa kamati ya shule ya msingi anakosoma mtoto wako. Mwalimu mzoefu, pengine aliyestaafu, anajitokeza kuomba kiti cha wazazi katika kamati hiyo. Je, tumpe kura? Wako wanaosema, "Nani ajuaye shule kuliko mwalimu?" Wako wanaosema, "Walimu hulindana wao kwa wao." Pande zote mbili zina neno la kusema. Tawi lisome somo hili, lijadili, lifike kwenye msimamo kabla ya siku ya mkutano wa wazazi. Kuamua mambo mlangoni mwa mkutano ni kuwaachia wengine waamue.

1. KAMATI YA SHULE NI CHOMBO GANI?

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna umoja wa wazazi na walimu, ule tunaouita PTA. Na kuna kamati ya uongozi wa shule. PTA ni umoja wa hiari. Ulipata nguvu sana Uganda katika miaka ya 1970 na 1980, wakati uchumi ulipoanguka na serikali ikashindwa kutunza shule. Wazazi ndio waliobeba mzigo: waliongeza posho ya walimu, walinunua chaki, walitengeneza mapaa. Wazazi hao wengi walikuwa wafanyakazi kama sisi.

Kamati ya shule ni kitu kingine. Imewekwa na sheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inaagiza kila shule ya msingi ya serikali, au inayosaidiwa na serikali, iwe na kamati hiyo. Ndani yake wamo watu wa waanzilishi wa shule, yaani kanisa, msikiti au jumuiya iliyoijenga. Wamo wawakilishi wa serikali za mitaa, wawakilishi wa wazazi, wa walimu, na wa wanafunzi wa zamani. Mwalimu mkuu ndiye katibu. Kazi ya kamati ni kusimamia shule, mali yake na fedha zake, na kuangalia hali ya wanafunzi na walimu.

Hapa kuna jambo la kulijua mapema. Waanzilishi wana viti vingi kuliko wazazi, na mwenyekiti hutoka upande wao. Kwa hiyo mwakilishi wa wazazi hawezi kushinda jambo kwa kuhesabu mikono tu. Anashinda kwa hoja, kwa karatasi, na kwa kujulikana kwamba nyuma yake wako wazazi wanaofuatilia. Mwakilishi asiye na watu nyuma yake ni mgeni aliyekaribishwa chai.

2. KWA NINI NI JAMBO LA CHAMA?

Mwanachama mmoja anaweza kuuliza: chama kinahusika vipi na shule? Sisi kazi yetu ni mishahara.

Jibu ni hili. Mshahara tunaoupigania mezani kwa tajiri unakwenda wapi ukishapokelewa? Kodi ya nyumba, chakula, na shule. Tukipata nyongeza mwezi wa kwanza na shule ikaongeza michango mwezi wa pili, nyongeza ile imepita mikononi mwetu tu. Anayekaa kwenye kamati ya shule anagusa mfuko wako sawasawa na anayekaa kwenye meza ya mapatano kiwandani.

Mwaka 1997 serikali ilianzisha elimu ya msingi kwa wote, UPE. Mwanzoni ilikuwa watoto wanne kwa kila familia, baadaye mlango ukafunguliwa kwa wote. Wanafunzi wa shule za msingi waliruka kutoka kama milioni 3 mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5 mwaka 1997. Lilikuwa jambo kubwa kwa mtoto wa mfanyakazi. Lakini madarasa na walimu havikuongezeka kwa mwendo ule ule, na polepole michango ikarudi kwa majina mengine: mchango wa chakula, wa mtihani, wa mlinzi, wa maendeleo.

Sheria ya 2008 inasema nini? Inakataza shule za UPE kutoza ada ya masomo. Mzazi anaweza kuchanga kwa hiari, lakini mtoto asinyimwe masomo kwa sababu mzazi wake hakuchanga. Sheria hiyo hiyo inaweka wajibu wa chakula, nguo na matibabu juu ya mzazi. Basi tusidanganyane kwamba kila kitu ni bure. Chakula cha mchana ni juu yetu. Lakini nani anapanga bei ya chakula hicho, na nani anakagua hesabu yake? Ni kamati. Ndiyo maana tunataka mtu wetu ndani.

3. MWALIMU MZOEFU ANALETA NINI?

Tuanze na faida zake, maana ni za kweli.

Mtu aliyefundisha miaka 30, akafika mpaka umri wa kustaafu wa miaka 60, anaijua shule kutoka ndani. Ukimwonyesha ratiba ya vipindi anaona mara moja ni darasa gani halina mwalimu. Ukimwonyesha daftari la mahudhurio anaona watoto walioacha shule bila mtu kuuliza. Anajua fedha ya serikali ikija inapaswa kutumika kwa mambo gani. Anajua kuandika barua inayosomwa ofisini. Mwalimu mkuu hawezi kumwambia, "Mambo haya ni ya kitaalamu, wewe hutayaelewa," kama tunavyoambiwa sisi.

Tuchukue mfano wa chakula. Hesabu hii ni ya kujifunzia, bei ni za mfano tu. Tuseme shule ina watoto 600 na kila mmoja analipa shilingi 50,000 kwa muhula. Hiyo ni milioni 30. Mtoto akipewa gramu 200 za unga wa posho kwa siku, watoto 600 wanakula kilo 120. Kwa siku 60 za masomo ni kilo 7,200. Kilo ikiwa shilingi 2,000, unga ni shilingi 14,400,000. Maharagwe gramu 80 kwa mtoto ni kilo 48 kwa siku, kilo 2,880 kwa siku 60. Kilo ikiwa shilingi 3,500, ni shilingi 10,080,000. Jumla ya unga na maharagwe ni shilingi 24,480,000. Zinabaki shilingi 5,520,000 kwa kuni, chumvi, mafuta na ujira wa wapishi.

Basi ukisikia kwamba fedha ya chakula imekwisha wiki tatu kabla ya shule kufungwa, hesabu hii inakuonyesha pa kuuliza. Je, watoto wote 600 walilipa? Unga ulinunuliwa kwa bei gani, na kwa nani? Kilo ngapi ziliingia stoo? Mwalimu aliyewahi kusimamia stoo ya shule anafanya hesabu hii akiwa amesimama. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mzoefu ndiye anayejua daftari liko kabati gani.

Tena, walimu ni wafanyakazi wenzetu. Wana chama chao, UNATU. Margaret Rwabushaija, aliyekuwa mwenyekiti wa chama hicho, alichaguliwa mwaka 2016 kuwa mmoja wa wabunge 5 wanaowakilisha wafanyakazi katika Bunge la Uganda. Huko alihesabiwa mtu wa wafanyakazi wote, wa darasani na wa kiwandani. Mwalimu anaweza kabisa kubeba mzigo wa watu wasio walimu, akichaguliwa kwa kazi hiyo na akikumbushwa.

4. UZOEFU PEKE YAKE HAUTOSHI

Sasa upande wa pili. Uzoefu unaeleza mtu anajua nini. Hauelezi atamsemea nani. Yako mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza, urafiki wa kazi. Mgombea na mwalimu mkuu pengine walisoma pamoja chuoni, Kibuli au Ggaba, wakafundisha pamoja miaka mingi. Si dhambi. Lakini siku mzazi atakapolalamika kwamba mtoto wake amepigwa au amefukuzwa kwa sababu ya mchango, mwakilishi huyu atasimama wapi? Kama bado anafundisha shule hiyo hiyo, basi walimu wana kiti chao kwenye kamati, akagombee hicho. Kiti cha wazazi ni cha wazazi. Hata Mwalimu Nyerere, alipokuwa anafundisha Pugu na huku anaongoza TANU, alitakiwa achague jambo moja, na mwaka 1955 akaacha kufundisha.

La pili, sifa ya mtihani. Wagombea walimu hupenda kusema, "Nikiwa mwalimu mkuu nilitoa watoto wengi daraja la kwanza." Ni vizuri. Lakini kuna njia mbili za kupata sifa hiyo. Moja ni kufundisha vizuri. Nyingine ni kuwaondoa watoto dhaifu kabla ya darasa la saba, kuwarudisha darasa mara mbili, au kuwaambia wazazi wawatafutie shule nyingine. Watoto wanaoondolewa mara nyingi ni wa nani? Ni wa mama anayeingia zamu ya usiku, hana wa kumsaidia mtoto kazi ya nyumbani. Usihesabu waliofaulu tu. Uliza wangapi walianza darasa la kwanza, na wangapi walifika kukaa kwenye mtihani.

La tatu, ngazi. Wako wanaotaka kiti cha shule ili wapandie kwenye udiwani. Kutaka udiwani si kosa. Kosa ni kuitumia shule kama jukwaa na kuiacha kabla muhula wa kamati haujaisha.

5. JAMBO LINALOWEZA KUPOTEA: ARDHI

Kuna wanaodhani kamati ya shule ni habari ya chaki na uji tu. Tuukumbuke mfano unaojulikana na wakazi wengi wa Kampala.

Pale Nakasero palikuwa na Shimoni, shule ya msingi ya mazoezi pamoja na chuo cha ualimu. Walimu wengi wa nchi hii walijifunzia kazi pale. Mwaka 2006 majengo yalibomolewa na kiwanja kikapewa wawekezaji wajenge hoteli kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola. Wanafunzi wakahamishiwa shule nyingine, chuo kikapelekwa Kira, wilaya ya Wakiso. Mkutano ukafanyika Novemba 2007. Hoteli haikuwepo. Kiwanja kilikaa kitupu miaka mingi, na leo limesimama hapo jengo la maduka na ofisi linaloitwa Kingdom Kampala.

Uamuzi ule ulitoka juu sana, na kamati ya shule peke yake si ukuta wa kuzuia uamuzi wa namna hiyo. Lakini tunajifunza jambo. Shule nyingi hazina hati ya ardhi mkononi. Nyingine zimekaa juu ya ardhi ya kanisa, nyingine ya serikali, nyingine ya watu binafsi, na mipaka haijulikani. Katika jiji ambalo kila kipande cha ardhi kina mtu anayekipimia macho, kiwanja cha mpira cha watoto ni mali. Kazi ya kutafuta hati, kupima mipaka na kuweka nakala mahali salama hufanywa wakati wa amani, kabla tingatinga halijafika. Hiyo ni kazi ya kamati. Mwalimu aliyekaa mtaani miaka 30 anakumbuka mpaka ulikuwa mti gani, na ni nani alitoa ardhi kwa mdomo. Kumbukumbu yake iandikwe angali hai.

6. MASWALI YA KUMWULIZA MGOMBEA

Hapa ndipo wengi wetu tunapopata shida. Mimi niliishia darasa la saba, na wengi wenu hamkufika huko. Tulizoea mwalimu ndiye anayeuliza na sisi tunajibu tukiwa tumesimama. Mwalimu akisimama mbele yetu, hata tukiwa na mvi, ulimi unakuwa mzito. Lakini siku ya uchaguzi mambo yamegeuka. Yeye ndiye anayesimama, sisi ndio tunaouliza. Kumwuliza kwa heshima si utovu wa adabu. Mwalimu wa kweli hufurahi akiulizwa swali zuri.

Tumwulize hivi:

(a) Mwalimu, una mtoto au mjukuu unayemlea katika shule hii? Kama huna, kwa nini unataka kiti cha wazazi?

(b) Shule ulizofundisha, hesabu za chakula zilisomwa mbele ya wazazi? Mara ngapi kwa mwaka?

(c) Mtoto akifukuzwa kwa sababu ya mchango, utafanya nini siku ile ile?

(d) Una uhusiano gani na wanaouzia shule unga, kuni, sare au matofali?

(e) Ardhi ya shule hii ni ya nani? Hati iko wapi?

(f) Utaturudia lini kutupa taarifa, na saa ngapi? Sisi wengine tuko kazini mchana.

Mgombea asiye mwalimu naye aulizwe maswali hayo hayo. Mfanyabiashara anayeahidi kujenga choo cha shule aulizwe swali la (d) mara mbili. Na fundi cherehani au mpishi wa kantini akisimama kugombea, asidharauliwe kwa sababu hana cheti. Anaweza kujifunza daftari. Uaminifu haufundishwi katika semina ya siku mbili.

7. SIKU YA MKUTANO

Asiyekuwepo na lake halipo. Mkutano mkuu wa wazazi huitwa mara nyingi siku ya kazi, asubuhi au mchana. Wanaofika ni wenye maduka yao, wenye ofisi na wastaafu. Mfanyakazi wa zamu na mchuma chai hawapo. Halafu jioni tunasikia michango imepanda na tunasema tumeonewa. Nani ametuonea? Kura ilipigwa, sisi hatukuwepo.

Tawi lifanye mambo manne. Kwanza, wanachama wenye watoto shule moja waandikwe majina, wajuane. Pili, waandike barua kwa mwalimu mkuu mapema kuomba mkutano uwe Jumamosi mchana au Jumapili baada ya ibada. Tatu, ikishindikana, viongozi wa tawi wazungumze na meneja ili zamu zibadilishwe siku hiyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inatupa likizo ya siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi, na mtu anaweza kuomba siku moja kati ya hizo. Lakini ni bora zaidi tuliweke jambo hili katika mapatano yetu na mwajiri: saa chache kwa mwaka za mkutano wa shule, bila kukatwa mshahara. Nne, wanachama wakutane siku moja kabla, wakubaliane maswali na mtu wa kumuunga mkono, ili wasigawane kura.

Wenzetu wa mashamba makubwa ya miwa na chai wana hali yao. Mara nyingi shule iko ndani ya ardhi ya kampuni, na meneja ndiye mwenye nyumba, mwenye kazi na mwenye sauti shuleni. Hapo mzazi akisema neno anaogopa kazi yake. Dawa ni ile ile tuliyoitumia kazini: neno lisitoke kinywani mwa mtu mmoja. Litoke kwa wazazi 20 waliosaini. Na mwalimu mstaafu asiyekula mshahara wa kampuni anaweza kufaa hapo kuliko mahali pengine popote, kwa sababu anaweza kusema bila kuogopa.

8. BAADA YA KURA

Tumeshachagua. Kazi ndiyo imeanza. Mwakilishi wa wafanyakazi kiwandani tunampa maagizo, anakwenda mezani, anarudi kutueleza. Akishindwa tunamsikiliza sababu, akitusaliti tunamwondoa. Mwakilishi wa wazazi tumfanyie hivyo hivyo, hata akiwa mwalimu aliyetufundisha sisi wenyewe kusoma. Tumpe maagizo machache yaliyoandikwa, kwa mfano matatu tu kwa mwaka: hesabu ya chakula ibandikwe ukutani kila muhula, hati ya ardhi itafutwe, na mtoto asifukuzwe kwa mchango. Kila muhula tumwite atueleze amefika wapi.

Na sisi tumlinde. Akidai hesabu, watatokea watu wa kumchafua jina. Akiwa peke yake atachoka, atanyamaza, au atanunuliwa. Wazazi wakienda naye kumi mpaka mlangoni mwa ofisi, wakakaa chini ya mwembe wakisubiri, mkutano wa ndani utakuwa wa namna nyingine.

Basi jibu la swali letu la kwanza ni hili: mwalimu mzoefu ni chombo kizuri mikononi mwa wazazi waliojipanga. Panga ni lile lile, lakini shamba linalimwa na mwenye kulishika. Tukimpa kura na kwenda kulala, uzoefu wake utawafaa walio karibu naye, na sisi hatutakuwa karibu.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Katika tawi letu, ni wanachama wangapi waliohudhuria mkutano wa mwisho wa wazazi? Wasiohudhuria walizuiwa na nini?

2. Fanyeni hesabu ya chakula ya shule ya watoto wenu kwa bei za soko la kwenu. Je, mchango mnaolipa unatosha, unazidi au unapungua?

3. Kati ya mwalimu mstaafu, mfanyabiashara na mfanyakazi mwenzetu, nani anafaa kiti cha wazazi katika shule yetu, na kwa masharti gani?

4. Tuandikeje kifungu cha mkutano wa shule katika mapatano yajayo na mwajiri?

Katibu wa tawi aandike majibu na kuyaleta ofisi ya chama. Umoja ni nguvu.